Katoni za Mdogo Wangu

Mdogo wangu alipokwenda utawani, nikabaki nikilala chumba kimoja na katoni zake. Zilipangwa ukutani kutoka sakafuni hadi usawa wa dirisha, nyingine zikiwa bado na zile karatasi za zawadi zinazometameta, na kwa kuwa sina kazi na nashinda chumbani kuliko inavyompasa mtu wa umri wangu, nilizijua moja moja. Kulikuwa na masufuria yanayoingiana, kubwa hadi dogo. Kulikuwa na jiko la gesi, sahani za udongo, blanketi zito la maua mekundu, na hotpoti yenye picha ya mwanamke anayeicheka kana kwamba imemwambia jambo. Hakuna hata moja iliyokuwa imefunguliwa. Mama alikataza.

Inabidi nieleze zilifikaje nyumbani, maana mtu wa kwingine atajiuliza mtawa ana shida gani na hotpoti.

Jumuiya yetu ya hapa Buzebazeba, ile inayosali nyumba kwa nyumba kila wiki, ilikuwa imeaga maharusi wengi lakini haijawahi kutoa sista. Mdogo wangu alipopokelewa na shirika ambalo nyumba yake ya malezi iko mbali, kunakofikiwa kwa treni, watu walifurahi sana na kamati ikaundwa. Kamati ilikuwa ya wanawake walewale wanaoaga mabinti wanaoolewa, na walijua njia moja tu ya kumuaga binti. Wakakodi viti na spika. Wakatandika vitenge chini kuanzia mlangoni hadi alipoketi, akavikanyaga akiwa ameinamisha kichwa. Mshereheshaji alijisahau akauliza kama upande wa bwana harusi umeshafika, ukumbi ukaangua kicheko, na paroko naye akacheka huku akiangalia saa. Halafu ukafika wakati wa zawadi. Kwaya ikaimba, na kila kundi likaingia likicheza, katoni zikiwa juu ya vichwa.

Hakuna aliyekumbuka kwamba huko anakokwenda ameruhusiwa sanduku moja. Au labda walikumbuka wote, na kila mmoja akaona kuja mikono mitupu ni aibu kubwa kuliko kuja na kitu kisichofaa. Nimeliwaza jambo hili mara nyingi mno, na bado sijajua ni lipi kati ya hayo mawili linanisumbua zaidi.

Kando yangu alikuwa ameketi jirani yetu, Mmanyema wa Ujiji ambaye ni rafiki wa mama tangu kabla sijazaliwa. Ni Mwislamu, alikuja kwa ujirani. Kila Krismasi mama humpelekea kuku, na humwambia waziwazi kwamba amepikwa kwenye sufuria dogo, siyo lile kubwa, kwa sababu lile kubwa linapikiwa kitimoto, nyama ya nguruwe, na wote wawili wanajua. Jirani aliziangalia katoni zikipita, kisha akaniinamia.

"Baba, dini yenu siijui vizuri. Lakini si mnasema huyu anaolewa na Mungu?"

"Wanasema hivyo, mama mkubwa."

"Sasa hotpoti ni ya kumwekea nani ugali usipoe?"

Nilicheka hadi mama akanitazama kutoka meza kuu. Lakini usiku wake na siku zilizofuata swali lile halikunichekesha tena.

Mdogo wangu alikuwa mtu wa vitu. Nasema hivyo kwa upendo. Alikuwa na saluni ndogo mtaa wa Mwanga, na angeweza kufumba macho akakuambia kwa kunusa tu kama kitenge kimevuka ziwa kutoka Kongo au kimekuja na lori kutoka Dar. Aliwahi kununua viatu vinavyombana kwa sababu vilikuwa vya mwisho dukani na hakutaka mwingine avipate. Kwa hiyo aliponiambia anakwenda utawani, tulipokuwa tukitoka ufukweni Kibirizi kumbebea mama magunia yake ya dagaa, nilidhani ananitania.

"Kwa nini?" nikamwuliza.

"Nimechoka kutaka, kaka. Nikipata hiki, kesho nataka kile. Nikikosa nalia, nikipata nachoka. Nataka niende mahali ambapo sitaki kitu."

Mimi nimesoma falsafa, katika chuo cha Kanisa. Tulikuwa na mwalimu mmoja, padri mzee, ambaye sehemu kubwa ya somo la furaha aliifundisha kwa neno moja tu. Alimsimamisha mwanafunzi na kumwuliza anataka nini maishani. Kazi, Padri. Halafu? Nyumba. Halafu? Nioe. Halafu? Nipate watoto. Darasa linaanza kucheka. Halafu? Wasome, wapate kazi. Halafu? Hapo mtu huangalia chini. Padri hakuwa anatudhihaki. Alitaka tuone kwamba vitu si vibaya, kwamba Mungu ameviumba na ameviona kuwa vyema, na kwamba hata ule moyo wa kutaka si ugonjwa. Ni mkubwa tu kuliko chochote tunachoweza kuutia ndani, kwa sababu uliumbwa kwa ajili ya Mungu mwenyewe. Mtu hakosei kwa kutaka sufuria, alituambia. Anakosea anapolidai sufuria limpe kile ambacho halina. Niliyaandika hayo vizuri kwenye mtihani, nikafaulu.

Ndiyo maana maneno ya mdogo wangu yalinitia wasiwasi. Kwa yale niliyofundishwa, hakuna mahali duniani ambapo mtu hataki kitu. Utawa hauzimi kiu, unaipa njia. Anayekwenda kule ili apumzike asitake tena kitu atakuwa amekwenda kutafuta kitu ambacho hakipo. Nilimweleza haya yote njiani, gunia likiwa begani, kwa hoja moja baada ya nyingine. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kaka," akasema, "mtu akikuomba maji wewe unamhutubia kuhusu mvua."

Akaenda.

Katoni zikaja chumbani kwangu kwa sababu chumba cha mama kinavuja. Wiki za kwanza nilidhani ni suala la muda tu, kwamba mama angezifungua taratibu, atumie hiki, agawe kile. Hakufungua. Aliendelea kupikia mkaa kwenye kibaraza, katika masufuria yaliyopinda, huku jiko la gesi likiwa kwenye katoni yake kando ya kitanda changu, karibu kabisa na kichwa. Mvua zilipokuja, usiku nikawa nasikia baridi na nilijua katoni ipi ina blanketi. Nilimwambia mara moja.

"Vya mwenyewe," mama akasema.

"Mwenyewe haruhusiwi kuwa navyo, mama."

"Kwa sasa."

Sikulielewa lile neno hadi ziwa lilipofungwa. Serikali hufunga uvuvi kwa muda ili samaki wazaliane, na kwa mtu kama mama, ambaye kazi yake ni dagaa, kufungwa kwa ziwa ni kufungwa kwa jiko. Tulikula ugali wa muhogo na majani siku nyingi mfululizo. Nikamwambia tuuze lile jiko la gesi, si linakaa tu. Alikuwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa.

"Nikiifungua katoni hata moja, nimekubali," alisema.

"Umekubali nini?"

"Kwamba harudi."

Hapo ndipo nilipoanza kukosa usingizi kwelikweli. Kila wiki kwenye jumuiya mama alitoa nia ya sala kwa sauti, kwamba binti yake adumu katika wito, na wote tukaitikia tukimwomba Bwana atusikie. Kisha alirudi nyumbani kwenye katoni, na kila katoni ilikuwa sala nyingine, ya kimya, inayoomba kinyume chake. Nilijiuliza Mungu anasikia ipi. Nilijiuliza kama inawezekana mtu asali kwa dhati sala mbili zinazopingana. Nilijiuliza pia kwa nini mimi, ninayelala katikati ya sala ile ya kimya, sikuwa na sala yoyote yangu.

Maana na mimi nilikuwa nataka. Asubuhi nilikwenda kusimama kwenye kibanda cha intaneti kutuma maombi ya kazi kwenye mashirika yanayohudumia wakimbizi, na barabarani magari yao meupe yakinipita kwenda Kasulu nilijikuta nasoma nembo kwenye milango kama mtu anayesoma litania ya watakatifu. Nikipata kazi, nitamjengea mama paa. Halafu? Nitanunua pikipiki. Halafu? Lile neno la padri mzee, ambalo darasani lilikuwa mchezo, lilikuwa limegeuka kitu kinachonifuata hadi chooni. Kwa maneno nilijua mwisho wa mnyororo ule ni Mungu. Kwa hali yangu halisi, nikifika mwisho sikukuta chochote ila mimi mwenyewe, nimechoka, nikiulizwa tena.

Kisha mdogo wangu akapiga simu. Amemaliza hatua ya kwanza ya malezi, na kabla ya kuingia unovisi, hatua inayofuata, ambapo hatatoka kwa muda mrefu, wamempa likizo fupi ya kuaga nyumbani.

Mama alilia kwa furaha. Mimi nilitazama ukuta wa chumba changu. Kama angeingia na kuzikuta katoni zote zimefungwa vilevile, angejua papo hapo kwamba nyumba hii inamngoja ashindwe. Na kama alikuwa na shaka yoyote moyoni, zile katoni zingeishika ile shaka mkono na kuikalisha kitini.

"Tuzipeleke kwa jirani," nilimwambia mama. "Akiondoka tutazirudisha."

"Kwa nini nifiche? Nimeiba?"

"Zitamvuta."

"Kama katoni inaweza kumvuta, mwanangu, basi na aangalie vizuri kabla hajafunga mlango."

Ilikuwa hoja nzuri kuliko yangu. Nadhiri isiyo huru si nadhiri. Hilo nalo tulilisoma. Kuzificha kungekuwa kumwamulia. Kuziacha kulikuwa kumjaribu. Nilikaa na mambo hayo mawili siku kadhaa bila kufanya lolote, na ndivyo kwa kawaida ninavyoamua mambo.

Alifika amekonda, nywele fupi chini ya kitambaa cheupe, viatu vya ngozi vya chini visivyo na urembo wowote. Jirani alitoka kwake kumpokea, akamzungusha kumtazama.

"Huko mnakula au mnasali tu?"

"Tunakula, mama mkubwa. Maharage."

"Hiyo ndiyo sababu mnasali sana."

Tukacheka wote. Bibi, mama mzazi wa jirani, aliyekuwa haoni vizuri tena na alishinda mlangoni kwao kwenye mkeka, akauliza kuna nini, tukamweleza, akacheka peke yake baada yetu.

Mdogo wangu aliingia chumbani kwangu kuweka sanduku. Nilimfuata. Alisimama mbele ya katoni. Kisha akakaa chini sakafuni, akagusa karatasi moja inayometameta na kuinyoosha pembeni palipokunjika, kwa kidole, kwa uangalifu uleule aliokuwa akiutumia saluni kwenye paji la uso la mteja.

"Hata jiko halijawashwa," alisema.

"Hapana."

"Anipikie nini sasa, nikija?"

Sikujua kama anatania. Hakulia. Aliposema tena alikuwa akiongea na ile katoni kuliko na mimi.

"Ulikuwa umesema kweli, kaka, siku ile ya magunia. Nilidhani kutaka kutaisha. Hakujaisha, kumehamia kwenye ndoo."

"Ndoo?"

"Kule kila mtu ana ndoo ya kuogea. Yangu nimeiwekea alama ya rangi ya kucha iliyokuwa imebaki kwenye begi. Kuna mwenzangu anaichukua. Ndoo zote ni sawa, zote za bluu, lakini yeye anachukua hiyo. Siku moja nimekosa Komunyo kwa sababu ya ndoo. Niliona siwezi kupokea huku namchukia mtu kwa plastiki." Alitikisa kichwa. "Nilikuwa na saluni, kaka. Nilikuwa nataka gari. Sasa nataka ndoo, na naitaka kwa nguvu ileile."

Nilianza kumweleza. Nilimwambia kwamba wengi waliotangulia katika maisha yale wameyapitia hayo, kwamba kuacha vitu ni mwanzo tu kwa sababu mtu huenda na mikono yake ileile, kwamba furaha yenyewe si kukosa hamu bali hamu kutulia katika yule anayeweza kuitosheleza. Akaniinulia kiganja.

"Hayo mama mlezi wetu kule ameniambia. Nakuuliza wewe. Nirudi au nisirudi?"

Nje mama alikuwa anapepea mkaa. Nilijua kabisa anachotaka mama. Nilijua Kanisa lingesema nini, kwamba hilo ni lake yeye na Mungu. Nilitafuta ndani yangu jibu ambalo si la kitabu, na nikakuta jambo moja tu, tena halikuwa jibu.

"Mimi nakuonea wivu," nikamwambia. "Siyo katoni. Ile ndoo. Una kitu cha kupigana nacho."

Alinitazama kana kwamba nimeongea Kifaransa. Kisha akasema nimsaidie kufungua dirisha, chumba kina joto.

Siku ya tatu ya likizo yake, asubuhi, yule bibi, mama mzazi wa jirani, alifariki pale pale kwao. Alikuwa ameomba chai, ilipofika hakuipokea.

Kwa Waislamu maziko hayangojewi. Kabla ya adhuhuri turubai lilikuwa limeshafungwa, ndugu wakifika kutoka Ujiji na Rusimbi, wengine kutoka Ilagala, na wanawake wa mtaa wakaanza kufanya kinachofanywa kwenye kila msiba hapa: kupita nyumba hadi nyumba kukusanya masufuria makubwa na sahani, kwa sababu hakuna mtu mwenye vyombo vya kulisha umati peke yake. Kila nyumba hutoa. Hata nyumba zisizosalimiana hutoa.

Walifika mlangoni kwetu watatu, wawili wao Waislamu. Mama alikuwa tayari amejifunga khanga ya msiba. Alilitoa lile sufuria letu kubwa la zamani, akalishika, akasimama nalo. Nilimwona akikumbuka. Lilikuwa la kitimoto. Wale wanawake wawili Waislamu walitazama pembeni kwa adabu, kama mtu anavyofanya akikukuta hujavaa vizuri. Mama akalirudisha ndani.

Na wote pale walijua kilichokuwa chumbani kwangu. Mmoja wao alikuwa amecheza na katoni moja kichwani.

"Haidhuru, dada," alisema mmoja wao upesi. "Mwenye msiba ametuambia tusikusumbue. Amesema, kwa jirani yangu msiende, vile ni vya mtoto."

Wakageuka kuondoka.

Mama alibaki mlangoni. Mdogo wangu alikuwa nyuma yake, na nilimwona akifungua mdomo kisha akaufunga. Nadhani ndilo jambo gumu zaidi nililowahi kumwona akilifanya. Angesema neno moja tu, uamuzi ungekuwa wake na si wa mama.

"Imana," mama alisema kwa sauti ya chini, kwa Kiha chake, kama anavyolitaja jina la Mungu anapobeba kitu kizito. Akapita katikati yetu akaingia chumbani kwangu na kisu chake cha samaki. Nikasikia karatasi ikichanika. Alichana moja, akachana nyingine, bila utaratibu, sahani kabla ya masufuria, akatupa maboksi na ile karatasi nyangavu kitandani kwangu. Alitoka amekumbatia sufuria kubwa kuliko yote, likiwa na plastiki yake bado, jeupe hadi lilimpiga mwanga usoni.

"Nyie," akawaita wale wanawake, ambao walikuwa hawajafika mbali. "Haya hayajaonja kitimoto. Hayajaonja kitu chochote. Njooni mbebe."

Aliyapeleka mwenyewe yaliyobaki. Mdogo wangu na mimi tulimfuata na sahani. Jirani alikuwa ameketi chini ndani, kati ya wanawake, na alipomwona mama ameshika lile sufuria alilia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akasema, "Shoga yangu, si nilikukataza," na mama akakaa chini kando yake na sufuria lake mapajani.

Wali ulipikwa kwenye mafiga ya mawe, kwa kuni mbichi zenye moshi. Nilisimama na wanaume nikachochea. Yale masufuria yaliyokuwa yakinitazama miezi yote ile yaligeuka meusi mbele ya macho yangu, na nilitegemea nihisi jambo fulani kubwa. Nilihisi moshi tu. Lakini watu walikula, wengi, na walipotosheka walikuja wengine.

Vyombo vilirudi baada ya siku kadhaa, isipokuwa sahani chache na sufuria moja la kati, lililobadilishana na la nyumba nyingine. Mdogo wangu aliyasugua masufuria uani kwa majivu na mchanga. Hakuna mchanga ambao ungeyarudishia ile rangi. Mama alikaa kwenye kigoda akimwangalia, na mimi nilikuwa kibarazani, nikijifanya nasoma.

"Sasa ukirudi, utakuta masizi," mama alisema.

"Mama."

"Nasema tu. Wengi wanarudishwa. Siyo dhambi."

"Siyo dhambi." Aliendelea kusugua. "Nikirudi, mama, nitarudi kwako. Masufuria hayakunizaa."

"Naelewa."

"Huelewi. Ulikuwa unaona nikija mikono mitupu nitakuwa nimekosa kila kitu, huko na huku."

Baadaye mama aliinuka, akachukua lile sufuria lililobadilishwa, akaligeuza kutafuta alama ya mwenyewe, hakuona, akaliweka na mengine.

Likizo ikaisha. Sikujua hadi asubuhi ile kama angepanda treni au hapana, na sina hakika kama yeye alijua. Alipiga pasi gauni lake polepole mno. Njiani kwenda stesheni tuliongea habari za paa. Mama alimkumbatia kwa nguvu, akampa mfuko wa samaki, migebuka waliokaushwa, akasimama mbali kidogo kwa sababu hapendi kulia mbele ya watu. Mdogo wangu akanivuta kando.

"Nikifika nitampa yule mwenzangu ile ndoo yenye alama."

"Halafu?" nikauliza. Lilinitoka tu.

Alifikiri. "Halafu nitaitaka tena, kaka. Halafu nitampa tena."

"Na hiyo ndiyo furaha?"

"Wewe ndiye msomi," akasema, na akapanda.

Uso wake dirishani haukuwa uso wa mtu mwenye furaha, kama furaha ni kile tunachokidhani. Haukuwa na huzuni pia. Ulikuwa uso wa mtu anayekwenda kazini. Nimejaribu kuuelewa tangu siku ile na nimeshindwa, na nakiri kwamba niliporudi chumbani na kukuta ukuta mtupu, wenye mstari wa vumbi palipokuwa na katoni, nilizikosa. Zilipokuwepo nilijua angalau ni nini kinanikosesha usingizi.

Katoni zilizobaki mama alizifungua siku zile za baada ya msiba. Blanketi aliniletea mwenyewe, akalitupa kitandani bila maneno. Jiko la gesi analo kibarazani. Analiogopa, hunifanya niliwashe mimi. Jioni ile ya stesheni alipika ugali na dagaa wa mwisho aliokuwa amewaweka akiba. Aliusonga ugali kwa kipimo cha zamani, cha watu watatu. Tulikula, tukashiba, ukabaki. Akaenda ndani akaja na hotpoti, ile ya mwanamke anayecheka, akaisuuza, akautia ugali uliobaki na kufunga kifuniko.

"Wa nani, mama?" nikamwuliza.

"Usipoe tu," alisema.

Akaiweka katikati ya meza, akakaa, mkono wake mmoja ukiwa juu ya kifuniko. Ziwa lilikuwa limebadilika rangi na milima ya Kongo ilikuwa bado inaonekana. Sikuweza kusema kama alikuwa amemwachia Mungu mtoto wake au alikuwa ameanza kumngoja upya, na safari hii sikuuliza tena.